Vijiko Vinne vya Mafuta ya Cherehani

Walisema gari lile lilishakula mtu mmoja na bado lina njaa.

Neno hilo aliniletea Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta mmoja, siku ileile gari lilipofika likiwa limebebwa mgongoni mwa lori. Alikuja kuchukua sketi ya binti yake niliyokuwa nimeishusha pindo. Akasimama mlangoni, akatazama uani, akajishika mdomo.

"Hilo silo lile la mfamasia?"

"Mfamasia gani?"

"Wee! Yule aliyekuwa na duka la dawa kule juu, karibu na tangi la maji. Si ndilo lililomuua? Breki zilimkataa kwenye mteremko huuhuu wetu. Alikanyaga, akakanyaga, gari likamcheka. Mama Cherehani, nikwambie kweli, hilo si gari. Hilo ni jeneza la milango miwili."

Akakunja sketi yake, akaenda. Nadhani alisahau kabla hajafika kwake. Ndivyo walivyo wabeba maneno, wakishautua mzigo kwako wao wanaenda wepesi. Mimi nilibaki nao.

Naandika haya kwa ajili yako, mzazi mwenzangu ambaye mtoto wako anatengeneza gari nyumbani. Mimi darasa la saba ndio mwisho wangu, kwa hiyo usitafute maneno makubwa humu. Nataka ujue nilichoogopa, nilichofanya kwa sababu ya kuogopa, na nilichonyamazia. Hicho cha tatu ndicho kibaya kuliko vyote. Mwishoni nimeandika ya kuepuka.

Mwanangu ni fundi wa lifti. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya vile vyumba vinavyopanda na kushuka ndani ya majengo marefu, akague kamba za chuma na breki zake. Alikuwa akisema, "Mama, mimi nalipwa ili vitu visianguke." Ana miaka thelathini na mbili. Tunaishi nyumba moja, mimi, yeye na mkewe. Mkwe wangu anafundisha chekechea, na amezoea, hata mtu mzima humsemesha kama ana miaka minne. Lakini ana moyo mzuri, simsemi vibaya.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, la zamani, la chini kiasi kwamba ukitaka kuingia unajikunja kama unatafuta kiatu chini ya kitanda. Rangi yake ya kijani ilikuwa imeliwa na jua, na kilichobaki kimeliwa na kutu. Ndani ya kiti cha abiria panya walikuwa wamezaa. Lilikuwa na boneti ndefu, na mbele taa mbili za zile zinazojificha. Ukiziwasha zinainuka kama macho yanayofumbuka, ukizizima zinalala. Moja ilikuwa imekwama. Haikulala kabisa. Mwanangu alipolisukumia gari chini ya banda la mabati uani, jicho lile likawa linatazama dirisha langu, palepale ninapokaa na cherehani.

"Ligeuze," nilimwambia.

"Mama, hiyo ni taa."

"Najua ni taa. Ligeuze."

"Nikiligeuza injini nitaitolea wapi? Ukuta huo hapo." Akacheka. "Linakupenda hilo. Linataka umshonee gauni Bibie."

Bibie ndilo jina alilolipa. Mkwe wangu alisema afadhali, maana angekuwa na bibie mwingine mwenye miguu pangechimbika.

Wiki za mwanzo nilijaribu kucheka nao. Alikuwa akirudi kazini, anavua viatu, anavaa ovaroli, anaingia bandani. Aling'oa viti, akang'oa sakafu iliyooza akachomelea bati jipya. Alipiga msasa bodi yote mpaka vumbi la rangi likawa linakaa juu ya vitambaa vyangu. Injini ya zamani akaitupa kando, akatafuta ya pikapu, kubwa na yenye nguvu mara mbili. Akabadilisha rimu, akaweka pana. Akasema breki za zamani hazitaiweza injini mpya, kwa hiyo akaondoa zile ngoma za breki akafunga diski, sahani za chuma zinazobanwa pande mbili. Spea zote alikuwa akimletea rafiki yake, Bwana Springi, muuza spea za kale. Anaitwa hivyo kwa sababu hatulii kitini, akikaa dakika mbili amesharuka.

Kila nilipoinua kichwa toka kwenye cherehani, jicho lilikuwa hapo. Na kila nilipoliona, nilisikia, "Alikanyaga, akakanyaga, gari likamcheka."

Nilimwambia mwanangu habari ya mfamasia. Akanijibu, "Mama, mimi nimelinunua kwa dalali. Sijui habari za mfamasia wala za daktari wa meno. Hayo ni maneno ya watu."

"Lisemwalo lipo."

"Na kama halipo?"

"Li njiani laja."

"Basi litanikuta nimeshafunga diski," akasema.

Sikulala kwa raha tangu hapo. Siku moja nikachukua ufunguo wa gari nikauzika ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, kwenye vifungo vyeusi vya makoti ambavyo hakuna anayeviulizia. Ulikaa humo siku tatu. Mkwe wangu ndiye aliyeupata, akitafuta kifungo cha blauzi yake. Hakunisema. Aliuweka mezani mbele ya mumewe, akanitazama kwa upole kama anavyowatazama watoto waliojikojolea.

Mwanangu alikaa karibu yangu. Hakupandisha sauti.

"Mama, tuelewane. Ukiwa na wasiwasi niulize, hata mara kumi kwa siku nitakujibu. Lakini mkono wako usiingie kwenye gari hili. Kitu kidogo tu kikikosewa, mtu anakufa. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Niahidi."

Nikamwahidi. Halafu, ili anitoe wasiwasi, akanishika mkono akanipeleka bandani, akafungua boneti. Akanionyesha kikopo cha plastiki, cheupe, kidogo kama kikombe cha chai, kimekaa karibu na ukuta wa injini. Ndani yake kulikuwa na maji ya rangi ya manjano hafifu.

"Haya ni mafuta ya breki. Unaona mistari miwili hii? Wa juu na wa chini. Mafuta yakiwa kati ya mistari hii, nikikanyaga breki inashika. Yakishuka chini ya huu wa chini, upepo unaingia, na breki inakuwa kama godoro. Kwa hiyo ukitaka kulala usingizi, njoo utazame. Usiguse, tazama. Mstari huu, Mama, ndio uhai wangu."

Alisema kwa utani. Mimi sikulichukua kwa utani. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi akishaondoka kazini, nilikuwa naingia bandani, nainua boneti kwa mikono miwili, naweka gongo la kuizuia, natazama mistari. Nilikuwa namaliza hapo ndipo nakaa kwenye cherehani. Nilitulia. Hata jicho lile nikaanza kulizoea.

Ikafika Jumatano moja jioni. Alikuwa na mkewe bandani wakitoa upepo kwenye mabomba ya breki. Kazi yenyewe ni hivi: mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga, mwingine yuko chini gurudumuni anafungua kijisukurubu, mafuta yanatoka na upepo.

"Kanyaga! Shikilia! Achia!"

"Usinifokee, mimi si lifti."

"Kanyaga, mpenzi. Shikilia, mpenzi."

"Hapo sawa."

Walicheka mpaka nikacheka na mimi huku ndani. Mafuta yakaishia njiani. Alikuwa akiyaweka kwenye chupa ya jemu, maana kopo lake lilitoboka kutu, na chupa hiyo haikuwa na karatasi wala maandishi. Akasema Bwana Springi ataleta mengine Jumamosi.

Hilo la Jumamosi mimi sikulisikia. Labda cherehani ilikuwa inapiga kelele.

Alhamisi asubuhi nikainua boneti. Mafuta yalikuwa yameshuka. Hayakuwa chini kidogo ya mstari, yalikuwa yamebaki unyevu tu chini ya kikopo.

Naomba unielewe jinsi nilivyokuwa. Uhai wa mwanangu niliuona umekauka pale. Nilitazama mezani kwake, nikaona ile chupa ya jemu tupu, na tone limebaki chini. Nikachovya kidole. Yanateleza. Rangi ni manjano hafifu. Nikaenda ndani nikachukua mafuta yangu ya cherehani, nikaweka tone kwenye kidole cha pili, nikatoka nalo juani. Vidole viwili, rangi moja, utelezi mmoja. Nikajiambia mafuta ni mafuta. Tena haya yangu ni mepesi, hayaachi doa hata kwenye kitambaa cha arusi. Kama yanafaa kwa chombo chenye sindano nyembamba vile, yatashindwa na gari?

Nikafungua kifuniko, nikatia kwa kijiko ili nisimwage. Vijiko vinne. Mafuta yakapanda taratibu, yakagusa mstari wa chini, yakaupita. Nikafunga, nikafuta kwa kitambaa, nikashusha boneti. Nikarudi kushona, na siku ile nilimaliza gauni zima bila kunyanyuka.

Jumamosi Bwana Springi akaja na kopo jipya. Mwanangu akafungua boneti, akasita.

"Kumbe yapo?"

"Si ulisema yameisha?" mkewe akamuuliza.

"Nilidhani. Labda yamerudi toka kwenye mabomba."

"Fundi anadhani," akasema Bwana Springi, ameshasimama. "Mimi nikifika kwenye lifti yako nitapanda ngazi."

Wakacheka, akajazia, wakaendelea. "Kanyaga, mpenzi. Shikilia, mpenzi." Mafuta yangu yakashuka na yale mengine, yakaingia kwenye mabomba, mpaka magurudumuni. Mimi nilikuwa dirishani. Ningeweza kusema pale. Ningesema, "Ni mimi niliyejazia," angenikasirikia saa moja, angeosha mabomba yake, yangekwisha. Lakini nilikuwa nimeahidi kwamba mkono wangu hautaingia. Na kusema kweli nilifurahi. Nilijiona nimemwokoa na yeye hajui.

Zikapita kama wiki tatu. Alikuwa kwenye rangi. Alichagua kijani kilekile cha mwanzo, akakipaka tabaka juu ya tabaka, likang'aa mpaka Mama Pacha akaja kujitazama uso kwenye mlango. "Jeneza limepigwa vanishi," akaninong'oneza. Nikamwambia aondoke.

Alipotaka kulisogeza nje likauke juani, likagoma. Alisukuma yeye, akasukuma mkewe, mimi nikaweka bega. Magurudumu ya mbele yalikuwa mazito, kama yameshikwa na mtu. Akakunja uso. Jioni hiyo akafungua breki kwa juu, pale kwenye kikopo, akatoa mipira midogo ya ndani, ile inayosukuma mafuta. Akaileta mezani juu ya gazeti. Nikaiona. Ilikuwa imefura, laini, imepoteza umbo, kama maharage yaliyolowekwa tangu jana.

Bwana Springi akaitwa. Walisimama bandani, mimi niko dirishani na kitambaa mkononi, sishoni.

"Umeniuzia mpira feki," akasema mwanangu.

"Mimi? Mipira hii nimewauzia watu ishirini."

"Tazama basi!"

Bwana Springi akaibonyeza, akainusa. "Fundi, sikiliza. Mpira hauvimbi bure. Hapa kuna mafuta mengine yameingia. Mafuta ya breki hayataki mwenzake. Ukitia ya injini, ya gia, ya kula, yoyote yale, mipira inafura hivi."

"Nani atie? Gari liko ndani ya uzio wangu. Anayeshinda hapa ni mama yangu peke yake."

"Mimi sijui. Nakwambia ninachokiona."

Mwanangu akageuka dirishani. "Mama, kuna mtu aliingia humu bandani nikiwa kazini?"

Nikamjibu. Jibu lile nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko jina langu. Nilisema, "Nani aingie, baba? Mimi niko hapa kutwa."

Wala sikusema uongo. Hakuna mtu aliyeingia. Niliingia mimi.

Kwa nini sikusema? Niliona aibu mbele ya Bwana Springi. Nilimwogopa mkwe wangu na yale macho yake ya upole. Nikajidanganya kwamba labda mipira ni feki kweli, wauza spea ndio walivyo. Na nikajiambia, si ameshaona? Si anabadilisha? Basi yamekwisha.

Bwana Springi aliondoka amenuna. Mwanangu akanunua mipira mingine kwa mtu mwingine, akaifunga pale juu, akamwaga mafuta ya kwenye kikopo akatia mapya. Ya kwenye mabomba hakuyaosha. Mipira mingine kama hiyo, iliyomo ndani ya breki za magurudumuni, hakuifungua. Angeosha kwa nini? Yeye alijua tatizo ni mpira mbovu. Aliyejua tatizo ni mafuta nilikuwa mimi, nimeketi hatua kumi toka kwake, napachika zipu.

Magurudumu yakawa mepesi. Akatengeneza na ile taa iliyokwama. Jicho likalala kwa mara ya kwanza. Mimi badala ya kufurahi nikahisi baridi, kama vile mlinzi amefumba macho.

Jumapili, saa nne asubuhi, akasema analijaribu. Atapanda mpaka kwenye tangi la maji, ageuze, ashuke. Kiti cha abiria kilikuwa hakijafungwa, kwa hiyo mkwe wangu alibaki. Na breki ya mkono ilikuwa haijaunganishwa, anasubiri waya wake.

"Si usubiri waya?" nikamwambia.

"Mama, ni dakika kumi. Breki ya miguu ipo. Mipira mipya."

Nikashika mlango wa gari. Maneno yalifika hapa kooni. Mkwe wangu akanishika bega, "Mwache, Mama. Mwache afurahi kidogo." Nikaachia.

Akawasha. Injini ile ya pikapu ilinguruma mpaka vyombo vikacheza jikoni. Akatoka getini, akawasha na kuzima taa moja ili gari linikonyeze. Likanikonyeza. Likapanda.

Tulisimama getini tukisikiliza mlio ukipungua. Baadaye ndipo Bwana Springi alinieleza kilichokuwa kinatokea huko. Mipira ya magurudumuni ilikuwa inafura taratibu, breki zimeshika zenyewe bila kukanyagwa, na injini kubwa vile inavuta tu, dereva hajui. Kila mzunguko diski zinapata moto. Moto ukapanda kwenye mafuta, mafuta yakachemka kama maji ya chai. Mafuta yakichemka hayana nguvu ya kusukuma chochote.

Tulisikia amegeuza. Tukamwona juu kabisa ya mteremko, kijani kinang'aa juani. Mkwe wangu akapiga makofi. Mimi niliona moshi mwembamba, mweupe, kwenye magurudumu ya mbele.

"Mbona moshi?"

"Ni vumbi, Mama."

Halikupunguza. Alitakiwa kupunguza pale kwenye duka la vinyozi, hakupunguza. Honi ikaanza, haikuacha. Akatupita mbele ya geti. Nilimwona. Bega lake lilikuwa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka. Alikuwa anakanyaga, anakanyaga.

Chini kuna njia panda, na Jumapili watu hupanga nguo za mitumba pande zote. Aliiona. Alikata usukani kushoto, akaingia kwenye uwanja wa wafyatua matofali, katikati ya matofali yaliyopangwa yakauke. Sauti yake sitaiandika.

Alipona. Naliandika hilo mapema ili usishike roho kama nilivyoshika mimi. Lakini boneti ile ndefu ilirudi nyuma na injini yake, ikamkuta mguu wa kulia, ule wa breki. Waliukata chini ya goti. Hakuna aliyegongwa. Hata tofali lililomrukia mtu halikuwapo.

Siku ya tano niko wodini, namlisha uji, akaingia mzee mmoja mrefu, mgongo umepinda, na mfuko wa machungwa. Akasalimia, akauliza kama huyu ndiye kijana aliyeanguka na gari la kijani.

"Ndiye, mzee wangu," nikasema. "Wewe ni nani?"

"Lilikuwa gari langu. Nilikuwa na duka la dawa kule juu, nikahamia kwa binti yangu. Nimesikia habari, nimeumia sana."

Kijiko kilinianguka. Nilikuwa namtazama marehemu akitafuta pa kuweka machungwa.

Nilimuuliza, "Breki zake. Hazikuwahi kukukataa?"

"Breki? Miaka kumi na minne, hata siku moja. Nililiacha kwa sababu ya mgongo huu. Nikishaingia nilikuwa siwezi kutoka, majirani wananivuta kama gunia." Akacheka, halafu akaona uso wangu akaacha.

Alipoondoka nilimwambia mwanangu. Yote. Mistari, vidole viwili, vijiko vinne, dirisha. Alikuwa anatazama dari. Nilisubiri anifukuze.

Akasema, "Nilikuuliza, Mama."

Basi. Hakuongeza. Na tangu siku ile hajaongeza, ingawa ananisalimia, na ananipa sahani, na juzi alinitungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yangu yameanza kuchoka. Kwa Bwana Springi alikwenda yeye mwenyewe, kwa magongo, akamwomba radhi. Kazi ya lifti hawezi tena, huwezi kupanda juu ya lifti kwa mguu mmoja. Anawafundisha wengine ofisini. Anasema wanafunzi wanamsikiliza sana wakiona mguu.

Mtaani wanasema gari lile sasa limekula wawili. Mama Pacha ameongeza na wa tatu, simjui. Nimemweleza ukweli, ananitazama kwa huruma, anadhani ni uchungu unasema. Ndiyo maana naandika. Lile neno halikuwapo. Lilikuwa njiani, na njia yenyewe nilikuwa mimi.

Ya kwanza katika haya kanitajia mwanangu. Ya mwisho ni yangu.

Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa.

Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, wala kwa matofali.

Usichomelee tangi la petroli hata kama limekaa tupu mwaka mzima.

Usifunge injini kubwa kabla hujafunga breki za kuiweza.

Usitembeze gari ambalo breki ya mkono haijaunganishwa, hata kwa dakika kumi.

Usiweke mafuta yoyote kwenye chupa isiyoandikwa. Andika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa.

Usichanganye mafuta ya breki na mafuta mengine. Kufanana rangi si kitu.

Ukikuta mpira umefura, usibadilishe mmoja. Badilisha yote, osha mabomba yote.

Usimuulize mtu wa nyumbani mbele ya wageni. Muulize mkiwa wawili.

Usibebe habari ya kifo cha mtu ambaye hujui kaburi lake.

Usiguse gari la mwanao kwa sababu unaogopa.

Ukiwa umeshagusa, usinyamaze. Sema siku hiyohiyo, kabla hajavaa viatu.